KIFAFA NA SAUTI ISIYOSIKIKA



Ile usiku mwenzetu alipoanguka katika masomo, wengi walikimbia kwa kuogopa mate yake. Hata mimi, mkubwa wa wanafunzi, nilikimbia. Tangu pale nimeuliza na kusoma, na ninataka kuwaeleza niliyoyapata.

Kifafa si pepo, na mate hayaambukizi. Ubongo unafanya kazi kwa umeme mdogo. Umeme huo ukitoka mwingi kwa mara moja, mtu anaanguka na kutetemeka. Sababu ni nyingi: jeraha la kichwa, malaria ya ubongo, shida wakati wa kuzaliwa. Ng'ambo ya Ruwenzori, kule Kabarole katika Uganda, watafiti walionyesha mwaka 1996 kwamba kifafa kinazidi mahali inzi wa mito wanaeneza ugonjwa wa upofu.

Dawa iko. Fenobarbitali inatumika tangu 1912. Shirika la Afya Duniani linasema wagonjwa hata 70 kwa 100 wanaweza kuishi bila kuanguka, wakipata dawa na kuzimeza vizuri. Na wale wengine je?

Kwa ajili yao waganga wanajaribu jambo jipya. Munajua ile ekografi ya mama wajawazito: ni mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii. Kama vile kioo cha kukuza kinakusanya mwangaza wa jua pahali pamoja, mashini inakusanya mawimbi hayo. Yanapita mfupa wa kichwa bila kisu, yanakutana pahali padogo pale umeme mbaya unaanzia. Nguvu yake ni kidogo, haiunguzi. Kusudi ni kutuliza ubongo pale. Katika Taiwan walijaribu wagonjwa 6, na habari ikatolewa mwaka 2022: kwa siku chache wawili walipata nafuu, lakini mmoja aliongezewa mashambulio. Basi ingali majaribio.

Sisi tusingojee mashini. Mtu akianguka, muondoe vitu vya kumuumiza, mumulaze ubavu, musimtie kitu kinywani. Ikipita dakika 5, mumupeleke kwa munganga haraka. Na mwenye dawa asiziache hata siku moja.

Mwenzetu amerudi. Kiti karibu naye katika masomo ya usiku kingali wazi. Tangu leo nitakaa pale.