Wafanyao Kazi za Mbali: Ni Akina Nani Meru na Embu?

Makala haya yanadhamiria kueleza sifa za watu wafanyao kazi kwa mtandao, mbali na mwajiri, katika kaunti za Meru na Embu. Swali hili linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja.

Kwa makadirio ya Shirika la Kazi Duniani, watu wapatao milioni 260 walifanyia kazi nyumbani mwaka 2019, wanawake wakiwa zaidi ya nusu. Hao ni makundi matatu: wazalishao bidhaa, mathalani washonaji; waajiriwa watumiao tarakilishi; na wapokeao vibarua kupitia majukwaa ya mtandaoni. Hapa tunaangazia makundi mawili ya mwisho.

Meru na Embu hutegemea mno chai, kahawa, miraa na muguka. Mchuma chai hawezi kuchuma akiwa mbali na shamba, wala muuguzi kumfunga mgonjwa bandeji kwa simu. Kwa hivyo kazi ya mbali huwaelekea zaidi vijana waliosoma, waishio palipo na umeme na mtandao: Meru mjini, Embu mjini, na mitaa iliyo jirani na vyuo vikuu, kama vile Nchiru. Mlango wenyewe ni mwembamba. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba asilimia 22.6 tu ya Wakenya wenye umri wa miaka mitatu na zaidi walitumia intaneti, wanaume wakiwazidi wanawake.

Kitaaluma, kazi hizi ni pamoja na uingizaji data, unukuzi wa sauti, uhariri na tafsiri. Serikali ilianzisha mpango wa Ajira Digital mwaka 2016 ili kuwaandaa vijana kwazo. Hata hivyo, si kila kazi ina heshima: biashara ya kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha, iliyowavuta wahitimu wengi nchini, ilipigwa marufuku Uingereza mwaka 2022.

Mhitimu wa Kiswahili ana nafasi gani? Tafsiri, unukuzi wa mazungumzo ya Kiswahili na uandaaji wa data ya lugha humtaka mjuzi wa sarufi na lahaja. Lakini kibarua wa jukwaani hulipwa kwa kipande, aghalabu bila bima wala malipo ya uzeeni. Basi idara zetu zisimwandae mwanafunzi kwa ubao wa darasani pekee. Zimfunze tafsiri kwa tarakilishi, na zimfunze pia kusoma mkataba kabla ya kuutia sahihi. Ujuzi wa lugha bila ujuzi wa haki ni jembe lisilo mpini.