Nani Atalipia Kinachoanguka Kutoka Angani?

Alasiri ya Jumatatu, Desemba 30, 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha karibu mita mbili na nusu na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Haikumjeruhi mtu. Siku mbili baadaye Shirika la Anga za Juu la Kenya likatoa taarifa: kwa uchunguzi wa awali, kitu hicho ni kipande cha roketi, ile pete inayoshikilia sehemu mbili za chombo na kuachia wakati wa kutengana. Vipande vya namna hiyo hutarajiwa kuungua vinaporudi kwenye hewa ya dunia, au kudondokea baharini. Wataalamu wa nje hawakuafikiana. Wapo waliotilia shaka kama kweli kilitoka huko juu, na wapo waliokihusisha na roketi ya Ulaya aina ya Ariane iliyorushwa mwaka 2008. Mabishano yakiwa bado moto, ikazuka habari ya uongo kwamba Kenya imeidai India fidia, na Shirika likalazimika kuikanusha.

Sheria ya kudai fidia ipo, tena ni kali. Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unaibebesha kila nchi wajibu wa chombo kilichorushwa na watu wake, hata kama mrushaji ni kampuni binafsi. Mkataba wa mwaka 1972 kuhusu fidia, ambao Kenya imejiunga nao, ukaenda mbele zaidi: madhara yakitokea ardhini, au kwa ndege iliyo hewani, aliyeumia hana haja ya kuthibitisha uzembe wa mtu yeyote. Aonyeshe tu kwamba chombo ni cha nchi fulani na hasara ni hii, basi anadai. Ugumu wote uko kwenye kumtambua mwenye chombo.

Kanada iliujaribu mkataba huo. Januari 24, 1978, setilaiti ya Kisovieti iliyoitwa Kosmos 954, iliyokuwa ikizipeleleza manowari kwa rada inayopata umeme wake kutoka kwenye mtambo wa nyuklia, ilivunjika juu ya kaskazini-magharibi mwa Kanada. Vipande vyenye mionzi vikatawanyika juu ya theluji na barafu kwa mamia ya kilomita. Wanajeshi na wanasayansi wa Kanada, wakisaidiwa na Wamarekani, walipita na ndege zenye vipima mionzi, kisha wakashuka kwenye baridi kali kuviokota kimoja kimoja. Kazi ilipokwisha, Kanada ikapeleka Moscow madai ya zaidi ya dola milioni 6 za Kanada. Mwaka 1981 Wasovieti wakakubali kulipa milioni 3.

Kanada iliweza kudai kwa sababu ilijua fika mwenye mali ni nani. Marekani ilikuwa ikiifuatilia setilaiti ile kwa rada wiki kadhaa kabla haijaanguka. Watu wa Mukuku hawakuwa na wa kuwaonya, na kwangu mimi hilo ndilo pengo kubwa la usalama wetu wa anga. Nchi isiyoona kwa macho yake kinachopita juu ya vichwa vya watu wake itabaki kungoja kuambiwa, na anayeweza kuiambia mara nyingi ndiye anayedaiwa au rafiki yake.

Sasa tuangalie taka hizi zinatoka wapi. Nyingine ni mabaki ya kawaida ya safari za roketi. Sehemu inayokera zaidi imetokana na majeshi makubwa kufanya mazoezi ya vita ambavyo havijapiganwa. Januari 2007 China ilirusha kombora na kuipasua setilaiti yake ya zamani ya hali ya hewa, Fengyun-1C, kiasi cha kilomita 860 juu ya ardhi. Vipande zaidi ya 3,000 vikubwa vya kutosha kufuatiliwa vikabaki vikizunguka, na vingi vingali huko hadi leo, kwa kuwa kwenye kimo hicho hewa ni hafifu mno kuvivuta chini upesi. Marekani nayo ilitungua setilaiti yake mwaka 2008, na India yake mwaka 2019, zote mbili kwenye kimo cha chini zaidi.

Kisha ikaja Novemba 15, 2021. Urusi iliilipua Kosmos 1408, setilaiti iliyokuwa imezeeka angani tangu 1982, na kuzalisha vipande zaidi ya 1,500. Katika Kituo cha Kimataifa cha Anga walikuwamo watu saba, na wawili kati yao walikuwa Warusi: Anton Shkaplerov na Pyotr Dubrov. Wote saba waliamriwa kuingia kwenye vyombo vyao vya kurudia duniani na kufunga milango, wakisubiri wingu la vipande lipite. Jeshi la Urusi lilikuwa limewaweka Warusi wenyewe hatarini. Kwenye kimo kile kipande husafiri zaidi ya kilomita saba kwa sekunde, na hakichagui bendera ya kugonga. Taifa-1, setilaiti ya Kenya iliyorushwa Aprili 2023 kwa ajili ya kutazama mashamba, misitu na mafuriko, ilipelekwa kwenye anga hilohilo.

Desemba 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kuzitaka nchi ziache majaribio ya makombora ya kuharibu setilaiti. Nchi 155 ziliunga mkono na tisa zikapinga, zikiwamo Urusi na China. India haikuegemea upande wowote. Azimio hilo halimfungi mtu, lakini hesabu yake inaonyesha wanaotaka kuendelea na mchezo huu ni wachache kiasi gani.

Afrika Mashariki iliwahi kupaza sauti katika mambo haya mapema kuliko wengi wanavyokumbuka. Desemba 3, 1976, wajumbe wa Kenya, Uganda na Zaire walitia saini azimio mjini Bogotá pamoja na Colombia, Ecuador, Indonesia na Kongo ya Brazzaville. Walisema kwamba obiti iliyo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, ambako setilaiti huenda sambamba na mzunguko wa dunia hata ikaonekana imesimama, ni rasilimali ya nchi zilizo chini yake. Dishi lililofungwa kwenye paa la nyumba Kariakoo halihitaji kugeuzwageuzwa kwa sababu ya obiti hiyo. Mataifa makubwa yalilikataa azimio, yakitaja mkataba wa 1967 unaosema hakuna nchi inayoweza kumiliki anga za juu.

Leo kisa hiki husimuliwa kama kioja, na mimi sikubaliani na wanaokisimulia hivyo. Kisheria wajumbe wale walikuwa na hoja dhaifu, lakini malalamiko yao yalikuwa ya haki: nafasi zilikuwa zinagawiwa kwa anayewahi, na anayewahi ni mwenye roketi. Kelele za nchi zinazoendelea hazikupotea bure. Kufikia 1988, shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lilikuwa limepanga kila nchi itengewe angalau nafasi moja kwenye obiti hiyo katika baadhi ya masafa, iwe ina setilaiti au haina. Kwenye obiti za chini, ambako kampuni zinajaza setilaiti kwa maelfu, hakuna mgao wa namna hiyo.

Na kuna jambo ambalo Bogotá halikuzungumzwa. Baadhi ya roketi zinazopeleka setilaiti kwenye ile obiti ya ikweta huacha nyuma vipande vinavyozunguka karibu na mstari huohuo kwa miaka mingi kabla ya kushuka. Obiti tuliikosa, mabaki yake yanapita juu yetu.

Ushirikiano haujafa. Mashirika ya Ulaya, Marekani, India, China na Urusi yamo kwenye mpango mmoja wa kutoa picha za setilaiti bure nchi inapokumbwa na maafa. Kimbunga Idai kilipoipiga Msumbiji Machi 2019, waokoaji walipata picha hizo. China ilijiunga na mpango huo mwaka 2007, mwaka uleule iliporusha kombora lake.

Kwa hiyo pa kuanzia papo. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya matumizi ya amani ya anga za juu hukutana Vienna kila mwaka, Kenya na Rwanda zikiwa wanachama. Huamua kwa maafikiano, na pingamizi la nchi moja ndogo linatosha kusimamisha hati nzima. Nchi za ikweta zingeingia pale kwa pamoja, kama zilivyofanya 1976, safari hii na ombi dogo lisilogusa umiliki wa mtu: kila anayerusha roketi atangaze vipande vikubwa anavyoviacha juu, atoe data za njia zake kwa nchi zilizo chini, na kipande kikikaribia kushuka aonye kabla, kwa gharama yake.