Je, Wajua? Protini Isiyozimika
Je, wajua kwamba katika lukemia sugu ya mieloidi, maradhi ya saratani ya damu, kromosomu ya 9 na ya 22 hubadilishana vipande, ikazaliwa protini BCR-ABL, ambayo, kinyume cha ABL ya asili inayowashwa na kuzimwa kwa wakati wake, haizimiki asilani, bali huziamuru chembe za uboho zizaane bila ya kiasi? Janet Rowley wa Chicago aliyabainisha mabadilishano hayo mwaka 1973. Dawa, kwa masikitiko, ilikawia hadi 1998, majaribio ya imatinibu yalipoanza. Na miongoni mwa matabibu walioyasimamia alikuwamo Moshe Talpaz wa hospitali ya MD Anderson, Houston. Imatinibu hujipachika pale pale protini ipokeapo ATP, kemikali ya nishati, ikainyima nguvu. Marekani iliiidhinisha mwaka 2001.