Kovu Hupona Kabla ya Ubongo: Kurudi Nyumbani Baada ya Tiba ya Anyurizimu

Tarehe 11 Februari, 2011, mwigizaji Mwingereza Emilia Clarke, aliyekuwa na umri wa miaka 24, alikuwa akifanya mazoezi ya viungo mjini London. Ghafla kichwa kikamshika kwa maumivu ambayo hakuwahi kuyapata maishani mwake. Alijikokota hadi msalani, akatapika sana. Hospitalini madaktari waligundua kwamba ateri moja ya ubongo wake ilikuwa imepasuka. Alitibiwa, akalazwa kwa muda wa mwezi mmoja, kisha akaruhusiwa kwenda nyumbani; baada ya majuma machache alikuwa kazini tena. Ni mwaka 2019 tu ndipo alipoyaeleza hayo hadharani katika jarida la The New Yorker. Waliokuwa wakimtazama miaka yote hiyo walidhani wanamwona mtu mzima kabisa, kumbe alikuwa akipambana na uchovu na maumivu yasiyoonekana kwa macho.

Je, ni nini kilichompata, na kwa nini kupona kwake hakukwisha siku alipotoka hospitalini?

Ubongo hupata damu kwa njia ya ateri kubwa nne zinazopanda shingoni. Chini ya ubongo matawi yake huungana na kufanya duara, ambalo huitwa duara la Willis kwa jina la tabibu Mwingereza Thomas Willis, aliyelieleza katika kitabu chake cha mwaka 1664. Pale ateri zinapogawanyika, ukuta hupigwa na mkondo wa damu mchana na usiku. Ikiwa mahali hapo ni dhaifu, ukuta hututumka na kufanya kifuko kidogo. Kifuko hicho ndicho anyurizimu. Inakadiriwa kuwa watu wazima wapatao 3 katika kila 100 wanacho, na walio wengi huishi hadi mwisho wa maisha yao bila ya kupasuka.

Mwanafunzi wa fizikia anaweza kuifahamu hatari yake kwa kutumia kanuni ya Laplace. Katika kifuko cha mviringo, mvutano wa ukuta ni sawa na shinikizo la ndani mara nusu kipenyo, kisha gawanya kwa 2. Hivyo, shinikizo lisipobadilika, kifuko kinachokua maradufu hubeba mvutano maradufu, na huku ukuta wake unazidi kuwa mwembamba. Kadhalika, shinikizo la damu likipanda, mvutano nao hupanda. Ndiyo sababu madaktari husisitiza mambo mawili kwa kila mgonjwa: kudhibiti shinikizo la damu na kuacha kabisa kuvuta sigara, kwani moshi wake hudhoofisha kuta za mishipa.

Tiba yenyewe imepiga hatua kubwa. Mwaka 1937 daktari Mmarekani Walter Dandy alifungua fuvu la mgonjwa na kuibana shingo ya anyurizimu kwa kibanio cha fedha. Mnamo mwaka 1990 Guido Guglielmi, daktari kutoka Italia, na wenzake mjini Los Angeles walianza kutumia njia nyingine: mrija mwembamba hupitishwa katika ateri ya kinenani hadi kichwani, na nyuzi laini za platini zilizosokotwa huachwa ndani ya kifuko ili damu igande humo na isiingie tena. Mwaka 2002 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa kimataifa uliowahusisha wagonjwa 2,143 ambao anyurizimu zao zilikuwa zimepasuka. Baada ya mwaka mmoja, waliokufa au kuwa tegemezi walikuwa asilimia 23.7 kwa njia ya platini, na asilimia 30.6 kwa njia ya kibanio.

Tarakimu hizo ni za kutia moyo, lakini hapana budi tuzisome kwa uangalifu. Kipimo kilichotumika kina ngazi kutoka 0 hadi 6. Mtu anayeweza kujihudumia mwenyewe, ingawa hawezi tena kufanya yote aliyoyafanya zamani, huwekwa ngazi ya 2, naye huhesabiwa miongoni mwa waliofanikiwa. Mwalimu asiyeweza tena kufundisha vipindi viwili mfululizo, au mwanafunzi asomaye ukurasa mmoja na kuusahau, anaweza kuwa ndani ya hesabu hiyo njema. Hapo ndipo kazi ya nyumbani inapoanza.

Damu iliyomwagika kuuzunguka ubongo ni kama sumu kwake. Huwasha tando zake, huweza kuzuia mzunguko wa maji ya ubongo, na kati ya siku ya 4 na ya 14 huweza kuzifanya ateri zijikaze hadi sehemu fulani zikose damu. Kwa sababu hii mgonjwa hupewa dawa iitwayo nimodipini kwa siku 21. Akiruhusiwa kutoka kabla ya siku hizo kutimia, dozi isikatizwe bila ya amri ya daktari.

Nyumbani, tatizo linalolalamikiwa zaidi ni uchovu. Huu si uchovu wa mkulima arudiye kutoka shambani, ambao huondoka kwa usingizi wa usiku mmoja. Mazungumzo ya nusu saa na wageni waliokuja kutoa pole yanaweza kumlaza mgonjwa siku nzima. Ubongo, ambao ni kiasi cha asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu za mwili uliopumzika; ukijeruhiwa, kazi ndogo huugharimu sana. Pamoja na uchovu huja kusahau, kukosa utulivu wa mawazo, kuchukizwa na kelele au mwanga mkali, kukosa usingizi, huzuni, na hofu kwamba kila maumivu ya kichwa ni mpasuko mwingine.

Jamaa wafanye nini? Kwanza, wageni wapunguzwe, nao waje kwa zamu. Pili, siku ipangiwe ratiba: kazi fupi, kisha pumziko kabla ya kuchoka. Tatu, mambo yaandikwe katika daftari, kwani daftari halisahau. Nne, asiendeshe gari, asinyanyue mizigo mizito, wala asirudi kazini mpaka daktari aruhusu. Tano, tarehe za kupigwa picha za ubongo zisikosekane. Clarke aliambiwa mapema kwamba ana anyurizimu ya pili. Picha za mwaka 2013 zilionyesha kuwa imekua maradufu, naye akatibiwa tena. Maumivu makali ya ghafla, kupooza, kushindwa kusema, degedege au usingizi usio wa kawaida ni ishara za kumrudisha hospitalini upesi, bila ya kungoja asubuhi.

La mwisho huwahusu wote wanaomzunguka. Mtu aliyevunjika mguu huonyesha plasta, na kila mtu humpisha njia. Aliyetibiwa ubongo huonekana mzima. Nywele zimeota juu ya kovu, na watu husema amekuwa mvivu au mkali. Mwalimu apataye mwanafunzi wa namna hii darasani na ampe muda zaidi wa mtihani, mahali patulivu, na maelezo mafupi yaliyoandikwa. Huko si kumpendelea, bali ni sehemu ya matibabu. Ubongo una uwezo wa kujifunza upya kwa njia nyingine, nao huendelea kufanya hivyo kwa miezi na hata miaka. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba hicho hakijai upesi, na anayekijaza huhitaji watu wa kumngojea.