Makosa yanayowavunja moyo wanaojifunza kuchonga chuma kwa kompyuta

MLIO mkali wa ghafla, kisha kimya. Kisu cha mashine kimekatika, kipande cha chuma kimeng'oka kwenye jiliwa na wanafunzi wote wamerudi nyuma hatua mbili.

Mkasa wa aina hii huwapata wengi wanaojifunza kutumia mashine ya kuchonga metali inayoongozwa kwa kompyuta, maarufu kama CNC. Aghalabu lawama ya kwanza huelekezwa kwa mashine. Hata hivyo, mashine hiyo haina hila. Hutekeleza kile ilichoagizwa, hata kama agizo lenyewe litaiangamiza.

Ujuzi huu una uzito wa pekee mjini Eldoret, ambao ulipandishwa hadhi na kuwa jiji Agosti 2024. Kaunti ya Uasin Gishu hutegemewa nchini kwa mahindi na ngano. Gia ya mashine ya kuvunia ikivunjika msimu wa mavuno, mkulima anaweza kulazimika kusubiri kipuri kutoka mbali huku nafaka ikinyeshewa shambani. Fundi anayeweza kukichonga kipuri hicho papo hapo humwokoa na hasara.

Vijana husomea uhandisi wa mitambo katika taasisi kama vile Eldoret National Polytechnic na Rift Valley Technical Training Institute. Mfumo wa mafunzo ya kiufundi umekuwa ukisisitiza kuwa mwanafunzi apimwe kwa kile anachoweza kutenda kwa mikono yake, si kwa alichokariri pekee. Kwa hivyo, pale ambapo darasa zima linatumia mashine moja, kosa la mtu mmoja huwanyima wenzake wote mazoezi.

Teknolojia yenyewe si ngeni. Mwaka 1952, watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani walionyesha hadharani mashine ya kuchonga iliyosoma maagizo kutoka kwa utepe wa karatasi wenye matundu. Wazo hilo lilitokana na kazi ya John Parsons, aliyetafuta njia ya kutengeneza kwa usahihi sehemu za ndege. Leo utepe umeondoka na kompyuta imechukua nafasi yake, lakini msingi ni ule ule: nambari huelekeza kisu mahali pa kwenda.

Sifuri iliyopotea

Mashine hutambua mielekeo mitatu: X, kushoto na kulia, Y, mbele na nyuma, na Z, juu na chini. Kabla ya kuanza kazi, ni lazima fundi aionyeshe sifuri iko wapi juu ya kipande kinachochongwa. Hapa ndipo makosa mengi huanzia.

Mwanafunzi hutumia kifaa cha kutafutia ukingo ambacho mara nyingi huwa na kipenyo cha milimita 10. Kifaa kinapogusa ukingo, kitovu chake huwa bado kiko umbali wa milimita 5. Asipoihesabu nusu hiyo, matundu yote yatatobolewa milimita 5 kando ya mahali palipokusudiwa. Basi kazi ikitoka ikiwa imehama yote kwa kiasi kimoja, sifuri ndiyo ya kuchunguzwa.

Hatari zaidi ni urefu wa kisu. Kila kisu kina urefu wake, na mashine huuhifadhi kama nambari. Mwanafunzi akiweka kisu kilichozidi cha awali kwa milimita 20 bila kubadilisha nambari hiyo, kisu kitashuka milimita 20 zaidi ya inavyofaa, tena kwa kasi kubwa. Jiliwa, kisu na hata mhimili unaokizungusha vyote huweza kuharibika.

Vipimo navyo vina mitego yake. Agizo G21 huiambia mashine isome milimita na G20 isome inchi. Kwa kuwa inchi moja ni milimita 25.4, kuyachanganya mawili haya huzaa kituko. Baadhi ya mashine pia huisoma nambari 10 isiyo na nukta ya desimali kama milimita 0.01. Nukta moja iliyosahaulika hutosha kuharibu kazi ya siku nzima.

Kasi haibahatishwi

Wanagenzi wengi huiga kasi waliyomwona mwenzao akitumia. Ipo hesabu rahisi: kasi ya kukata kwa mita huzidishwa kwa 1,000, kisha hugawanywa kwa kipenyo cha kisu kilichozidishwa kwa 3.14.

Kwa mfano, kisu cha aina ya HSS chenye kipenyo cha milimita 10 kinaweza kukata chuma laini kwa kasi ya mita 25 kwa dakika. Hesabu hutoa takriban mizunguko 800 kwa dakika. Kikiwa na meno manne, na kila jino likila milimita 0.05, mwendo wa kusonga mbele utakuwa milimita 160 kwa dakika. Anayekizungusha kisu hicho mara 3,000 kwa sababu aliona hivyo kwenye alumini atakiunguza kwa muda mfupi.

Maranda ya chuma nayo hutoa ushahidi. Yakigeuka samawati wakati wa kutumia kisu cha HSS, joto limezidi. Yakiwa kama vumbi, huenda kisu kinasugua badala ya kukata, na mwendo unafaa kuongezwa. Alumini ikiganda kwenye meno, tatizo huwa ni ukosefu wa maji ya kupoza au meno yaliyosongamana. Kisu cha meno mawili au matatu hufaa zaidi.

Mashine ikipiga kelele na kuacha mawimbi juu ya kazi, kisu huenda kimechomoza mno au kipande hakijabanwa barabara. Nao upande mmoja ukitoka juu kuliko mwingine, mara nyingi kuna chembe ya chuma iliyosahauliwa chini ya kipande ndani ya jiliwa.

Utaratibu wa kutafuta kosa

Kosa linapotokea, pupa ya kubadilisha mambo matano kwa pamoja huficha chanzo chake. Njia bora ni kufuata mpangilio mmoja kila mara: kwanza namna kipande kilivyobanwa, pili kisu, tatu sifuri na urefu, na mwisho maagizo yenyewe. Libadilishwe jambo moja tu, matokeo yapimwe, kisha yaandikwe daftarini.

Kinga ni nafuu kuliko tiba. Programu mpya ijaribiwe kwanza kisu kikiwa kimeinuliwa milimita 50 hivi juu ya kazi, hatua moja moja, kasi ikiwa imepunguzwa na kidole kikiwa karibu na kitufe cha kusimamisha. Panapokuwa na uhaba wa mashine, programu za kuigiza kwenye kompyuta huonyesha njia ya kisu kabla ya chuma kuguswa. Mbao na plastiki pia hufaa kwa majaribio ya mwanzo.

Umeme nao hauna budi kufikiriwa. Wakenya wanakumbuka jinsi sehemu kubwa ya nchi ilivyotumbukia gizani Agosti 25, 2023. Umeme ukikatika kisu kikiwa ndani ya chuma, fundi hafai kubonyeza kitufe cha kuendelea pindi unaporejea. Anapaswa kukiinua kisu kwa uangalifu, kuirejesha mashine kwenye kituo chake, kuithibitisha sifuri upya, kisha kuanzia mahali salama katika maagizo.

Usalama wa mwili hutangulia yote. Miwani ya kinga ni lazima na mlango wa mashine ufungwe. Glavu, mikono mirefu ya shati na mikufu havina nafasi karibu na kitu kinachozunguka. Maranda huondolewa kwa brashi baada ya mashine kusimama, kamwe si kwa vidole.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Anayevunja kisu leo na akajua ni kwa nini kilivunjika amepiga hatua. Anayekibadilisha tu na kubonyeza kitufe tena atavunja na cha pili.