Kidonge cha Kila Siku



Labda mganga wa hospitali amekupa kidonge hiki, ama mtu wa nyumba yako amepewa. Jina lake ni imatinibu. Juu ya kisanduku utaona limeandikwa Imatinib, ama Glivec, kwa maana Glivec ndilo jina lililotolewa na kiwanda cha kwanza. Ni dawa ya namna moja ya kansere ya damu, na ya namna moja ya uvimbe wa tumbo.

Tunakuandikia kwa sababu moja kubwa. Watu wengi wakisha kupata nguvu, wanaacha kumeza. Ukurasa huu utakuonyesha kwa nini usifanye hivyo. Soma polepole. Kama mgonjwa wa nyumba yako hajui kusoma, umsomee.

UGONJWA WA DAMU

Ndani ya damu yako mna chembe nyekundu na chembe nyeupe. Nyekundu hupeleka hewa safi katika mwili wote. Nyeupe ni askari wanaopigana na magonjwa. Zote huzaliwa ndani ya mifupa, katika uboho. Mtu mzima mwenye afya ana askari weupe 4,000 mpaka 10,000 hivi katika tone dogo sana la damu, la milimita moja kila upande. Hawazidi ovyo, kwa maana chembe hungoja amri kabla ya kuzaa chembe nyingine.

Fikiri kijiji chenye ngoma ya kuita watu shambani. Asubuhi ngoma inalia, watu wanatoka. Kisha mpigaji anaiweka chini, na watu wanajua saa ya kazi na saa ya kupumzika. Lakini siku moja mpigaji anashikwa na wazimu. Anapiga mchana, anapiga usiku, hanyamazi. Watu wanatoka na kutoka tena, mpaka njia zinajaa na mashamba yanakanyagwa.

Ndivyo ilivyo katika ugonjwa unaoitwa lekemia sugu ya mieloidi. Waganga wanaandika LMC kwenye karatasi yako. Amri ya kuzaa haikomi, na askari weupe wanaweza kupita 100,000 katika tone lile lile. Lakini wengi wao ni askari wasiokomaa, wasiojua kazi. Mgonjwa anachoka, anakonda, anatoka jasho usiku. Tumbo linakuwa zito upande wa kushoto, chini ya mbavu, kwa maana bandama imevimba.

Uangalie neno hili. Hapa kwetu bandama kubwa inaweza kutoka kwa malaria ya mara nyingi, ama kwa bilharzia. Ndiyo sababu hakuna mtu awezaye kujua ugonjwa huu kwa kushika tumbo tu. Lazima damu ihesabiwe, kisha itafutwe alama ya kansere yenyewe. Mashine ya GeneXpert, ile inayopima makohozi ya kifua kikuu, inaweza kutafuta alama hiyo kama kuna kifaa chake maalum.

JINSI MPIGA NGOMA ALIVYOJULIKANA

Mwaka 1960, mwaka ule Kongo yetu ilipopata uhuru, watu wawili wa mji wa Philadelphia huko Marekani, Peter Nowell na David Hungerford, walitazama chembe za wagonjwa hawa kwa darubini. Ndani ya kila chembe mna vijiti vidogo viitwavyo kromosomu, ambavyo vinatunza amri za mwili. Waliona kijiti kimoja kimekuwa kifupi kupita desturi. Mwaka 1973 mama mmoja mganga, Janet Rowley wa Chicago, alionyesha sababu yake: kijiti cha 9 na kijiti cha 22 vilikatika, na vipande vyao vikabadilishana mahali.

Pale vipande vilipoungana vibaya, chembe hutengeneza protini isiyokuwa katika mtu mzima wa afya. Inaitwa BCR-ABL. Huyo ndiye mpiga ngoma asiyenyamaza.

Basi ujue mambo matatu. Mtu hakurithi ugonjwa huu kwa baba yake ama mama yake. Tena hawezi kumwambukiza mwenzake kwa kula pamoja wala kwa kulala nyumba moja. Wala haukutoka kwa ulozi wa jirani. Usimshitaki shangazi wala mke mwenza. Ni kijiti kilichovunjika ndani ya chembe moja, na chembe hiyo ikazaa nyingine nyingi.

KAZI YA DAWA

Dawa za kansere za zamani zilipiga chembe zote zinazozaa upesi, mbaya na nzuri pamoja. Nywele zilianguka, kinywa kikawa na vidonda. Watu wa kazi ya dawa huko Basel, nchi ya Uswisi, pamoja nao Nicholas Lydon, walitafuta dawa ya namna nyingine. Walitengeneza kitu kidogo kinachoingia pale ambapo BCR-ABL hupokea nguvu zake. Hakichomi kijiji. Kinashika mkono wa mpiga ngoma.

Mganga Brian Druker wa mji wa Portland, Marekani, aliona kwamba dawa hii ndiyo inayofaa LMC, na mwaka 1998 yeye na wenzake walianza kuwapa wagonjwa. Kati ya watu 54 waliopewa kipimo cha kutosha, watu 53 hesabu ya damu yao ilirudi kuwa njema. Mwezi wa tano wa mwaka 2001 serikali ya Marekani ilitoa ruhusa ya kuiuza. Zamani wengi wenye ugonjwa huu walikufa katika miaka michache. Lakini kati ya wale walioanza na imatinibu katika jaribio kubwa la nchi nyingi, watu kama 83 katika kila 100 walikuwa hai bado baada ya miaka 10.

UVIMBE WA TUMBO

Dawa hii inashika mkono wa mpigaji mwingine pia, protini iitwayo KIT. Mwaka 1998 waganga wa Japani walionyesha kwamba KIT iliyoharibika ndiyo inayosukuma uvimbe mmoja wa ukuta wa tumbo na matumbo, ambao waganga wanauita GIST. Mwezi wa tatu wa mwaka 2000, huko Helsinki katika nchi ya Finland, mama mmoja ambaye uvimbe wake ulikuwa umekwisha kuenea alipewa imatinibu, na uvimbe ukapungua.

Kama uvimbe huu unaweza kutolewa, kazi ya kwanza ni kupasuliwa. Kisha, kama hatari ya kurudi ni kubwa, mgonjwa humeza dawa kwa miaka 3. Kama umekwisha kuenea, anameza muda wote dawa inapomsaidia.

Lakini sikia vema. Si kila kansere ya damu ni LMC, wala si kila uvimbe wa tumbo ni GIST. Kufuli nyingine, ufunguo mwingine. Kidonge hiki hakitamsaidia mtu ambaye tumbo lake limevimba kwa ugonjwa wa maini.

KWA NINI KILA SIKU

Nitaungama kosa langu mwenyewe, lipate kukusaidia. Baba mmoja mkulima alifika kwetu na bandama inayogusa kitovu. Alianza kumeza. Baada ya miezi mitatu bandama ilikuwa imerudi mahali pake, naye alikuwa analima tena. Nilifurahi, nikamwambia, “Baba, umepona.” Yeye alisikia kwamba kazi imekwisha, kama vile kumaliza dawa za malaria. Alirudi kwake, akaacha kumeza. Vidonge vilivyobaki akampa ndugu yake mwenye tumbo kubwa, kwa upendo. Ndugu yake alikuwa na ugonjwa wa maini. Alingoja vidonge vimsaidie, akachelewa kuja hospitalini. Baba yule naye alirudi kwetu mwisho wa mwaka, na bandama yake ilikuwa kubwa kama mwanzo. Tulianza tena, na damu yake ikatii, lakini si upesi kama mara ya kwanza.

Tangu siku ile sisemi “umepona”. Ninasema, “Ngoma imenyamazishwa.” Kwa maana mpigaji hajafa. Yupo, na mkono wake umeshikwa tu. Kila saa 18 hivi, nusu ya dawa iliyo katika damu inatoka. Usipomeza leo na kesho, mkono unaachiliwa kidogo kidogo. Wewe huwezi kusikia ngoma ikianza tena. Utalima, utakula bugali, utacheka na watoto, na huku chembe zinazaa. Tena zinapozaa ovyo, nyingine zinabadilika umbo, na dawa haipati tena mahali pa kuingia. Hapo mganga atatafuta dawa nyingine, iliyo ngumu kupatikana.

Huko London waliangalia watu 87 wa LMC waliokuwa wanameza dawa hii kwa miaka. Kwa miezi mitatu chupa zao zilikuwa na kifuniko kinachoandika chenyewe kila mara kinapofunguliwa. Habari ilitolewa mwaka 2010. Wale waliomeza zaidi ya vidonge 9 katika kila 10, ilikadiriwa kwamba watu kama 94 katika 100 wangefika mahali ambapo alama ya ugonjwa ni kidogo sana. Wale waliomeza 9 katika 10 ama chini yake, ni watu kama 28 tu katika 100. Hesabu mwenyewe: kukosa siku 3 katika mwezi mmoja ni kukosa moja katika 10.

Labda umesikia kwamba kuna watu walioacha dawa wakabaki wazima. Ni kweli. Huko Ufaransa wagonjwa 100 waliacha, lakini walichaguliwa: kwa miaka 2 ama zaidi vipimo vikali havikuona alama yo yote katika damu yao. Hata hivyo katika zaidi ya nusu yao ugonjwa ulirudi, kwa wengi kabla ya miezi 6 kupita. Waliokolewa kwa sababu damu yao ilipimwa mara kwa mara, wakarudishwa kwenye dawa mapema. Mtu asiye na kipimo cha namna hiyo asijaribu.

Wengine katika kanisa wamesema kwamba anayemeza kila siku hana imani. Ndugu, umwombe Mungu asubuhi, kisha umeze kidonge chako. Mambo haya mawili hayagombani.

NAMNA YA KUMEZA

Meza pamoja na chakula na maji mengi, saa ile ile ya kila siku. Wengi wanapewa miligramu 400 kwa siku, lakini fuata kipimo chako mwenyewe, si cha jirani. Ukisahau jana, usimeze mara mbili leo. Weka alama ukutani ama katika daftari kila unapomeza.

Dawa ina uchungu wake. Macho yanaweza kuvimba asubuhi, misuli ikakaza usiku, moyo ukachafuka, tumbo likahara, ngozi ikawa na upele. Usiache dawa kwa ajili ya hayo, bali njoo utuambie, kwa maana mengi yanasaidiwa. Lakini njoo siku ile ile ukiona homa kali, damu inayotoka, choo cheusi, macho ya manjano, ama mwili kuvimba upesi na pumzi kuwa fupi.

Mwambie mganga dawa zako zote. Rifampisini ya kifua kikuu inaondoa imatinibu mwilini kabla haijafanya kazi. Dawa nyingine za kifafa zinafanya hivyo pia. Dawa nyingine za ukimwi zinaipunguza, na nyingine zinaizidisha. Taja hata mizizi unayokunywa; hatutakugombeza. Mama asichukue mimba wakati wa kumeza dawa hii, wala asinyonyeshe. Kama mimba imekwisha kuingia, asifiche, wala asiamue peke yake, aje upesi.

Weka vidonge pakavu, mbali na watoto. Usimgawie mtu. Usinunue sokoni.

HABARI YA BEI

Hapo mwanzo dawa hii ilikuwa ghali kupita mali ya kijiji. Mwaka 2015 shirika la afya la dunia, OMS, liliiandika katika orodha ya dawa za lazima, na sasa viwanda vingi vinaitengeneza kwa bei ya chini. Tena tangu mwanzo wa miaka ya 2000 shirika la Max Foundation limesaidia wagonjwa wa nchi nyingi kuipata bure kwa njia ya waganga wao. Muulize mganga wako njia iliyo wazi kwako. Muulize mapema, wakati vidonge vingali vya wiki mbili, si siku ile kisanduku kinapokuwa kitupu. Kama safari ni mbali, ama vita imefunga barabara, ujulishe hospitali mapema.

Ndugu yangu, siku ile utakapojisikia mwenye nguvu kabisa, ukaona kwamba kidonge hakina kazi tena, kumbuka yule baba mkulima. Nguvu hizo ni kazi ya kidonge cha jana. Meza cha leo.