Nyasi za kiangazi ndizo huamua idadi ya nyumbu

KILA mwaka, kati ya Julai na Oktoba, makundi ya nyumbu kutoka Serengeti nchini Tanzania huvuka Mto Mara na kuingia Maasai Mara, Kenya. Mpaka hawaujui. Wanafuata nyasi na maji, vitu viwili vinavyoamua ni wangapi watakaouona mwaka unaofuata.

Mwaka 1961 nyumbu hao walikuwa takriban 250,000. Kilichowabana wakati huo ni sotoka, ugonjwa wa ng'ombe ulioingia Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890 na ambao uliua ndama wa nyumbu kwa wingi. Ng'ombe wa wafugaji wanaoizunguka hifadhi walipochanjwa, ugonjwa ulitoweka kwa nyumbu katika miaka ya 1960. Kufikia mwaka 1977 idadi ilikuwa imepita milioni 1.3.

Hapo ongezeko likasimama, na sababu kuu haikuwa simba wala fisi. Utafiti wa Mtanzania Simon Mduma na wenzake, uliochapishwa mwaka 1999 kwa kutumia takwimu za miaka 40, ulionyesha kuwa nyumbu wengi hufa kwa kukosa lishe wakati wa kiangazi. Wanapokuwa wengi, nyasi zinazomfikia kila mmoja hupungua. Walio dhaifu hufa, na waliobaki hupata nafuu. Ukame wa mwaka 1993 uliishusha idadi hadi chini ya milioni moja. Mvua ziliporejea, iliongezeka tena.

Lakini malisho yaliyogeuzwa mashamba hayarudi na mvua. Nyumbu wa uwanda wa Loita, Kenya, walikuwa zaidi ya 100,000 katika miaka ya 1970. Sehemu kubwa ya mazalio yao ilipolimwa ngano, walipungua hadi takriban 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1990.

Ndiyo maana macho sasa yako kwenye Mto Mara. Mto huo huanzia msitu wa Mau, Kenya, hupita katika hifadhi zote mbili na kumwaga maji Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Kiangazi kikiwa kikali, ndio tegemeo la nyumbu. Ukataji miti Mau na umwagiliaji vinautishia.

Nchi hizo mbili huadhimisha Siku ya Mara kila Septemba 15. Nyumbu watakaovuka mwakani watategemea zaidi kinachofanyika Mau siku nyingine zote za mwaka.